Jina la Vita na Jina la Nyumbani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi, wazee wa zoni na wafanyakazi wa mashirika siku ya kumbukumbu. Kamati imeomba yachapwe kama yalivyosemwa.)



Nimepewa nusu saa. Katibu ameniomba niseme juu ya wapiganaji wa msituni wa nchi ya El Salvador, huko Amerika ya Kati, na jinsi walivyosimulia habari za vita vyao baada ya bunduki kunyamaza. Tangu asubuhi watu wananiuliza: Mwalimu, sisi na El Salvador wapi na wapi? Nitajibu. Lakini kwanza niseme kilichonifanya nikubali kusimama hapa, maana nusu yenu mnakijua na nusu hamkijui.

Vijana wa Kamati wameanza kupita nyumba kwa nyumba na madaftari. Wanaandika habari za watu wetu waliopita vitani: waliobeba silaha, waliobebeshwa mizigo ya wenye silaha, na waliowakimbia wote hao. Kazi ilikwenda vizuri mpaka ilipofika kwenye jina. Mzee mmoja alisimulia siku tatu mfululizo. Siku ya nne alipoona jina lake limeandikwa juu ya ukurasa, aliomba ukurasa ule uchanwe. Alisema ana ndugu waliobaki kule nyumbani, na yeye mwenyewe bado ana mahojiano mbele yake. Jioni ile ile mama mmoja, jirani yake kabisa, akasema kinyume. Alisema kama jina la mwanawe haliandikwi, yeye hana la kusema. Habari isiyo na jina itajulikanaje ni ya nani? Vijana walirudi kwa Kamati wamechanganyikiwa. Kamati nayo iligawanyika. Sioni aibu kulisema hapa: tuligawanyika hata sauti zikapanda.

Mimi nilikuwa upande wa mzee. Nilisema majina yasiandikwe, basi. Baadaye nikasoma shuhuda za El Salvador, zile zilizochapwa, pamoja na ripoti ya Tume ya Ukweli ya nchi ile, na leo siko tena mahali nilipokuwa. Ndiyo maana nasema juu ya El Salvador.

Na mahali pa kuanzia pako hapa hapa kwetu. Wazee wa Fizi watakumbuka Wakuba waliokuja mwaka 1965, wakapitia Kigoma, wakavuka ziwa mpaka Kibamba. Kiongozi wao alikuwa Che Guevara. Watu wetu hawakumjua kwa jina hilo, walimjua kama Tatu, kwa sababu Wakuba wale walipewa namba za Kiswahili kuwa majina yao: Moja, Mbili, Tatu, na kuendelea. Kwa hiyo habari ya jina la vita hatukuisoma kitabuni. Tunayo wenyewe. Wamo humu kambini watu ambao jirani zao wa miaka mingi hawajui jina walilobatizwa.

Sasa El Salvador. Ni nchi ndogo sana, haifikii theluthi moja ya Kivu ya Kusini. Ardhi nzuri ya kahawa ilikuwa mikononi mwa familia chache, na mkulima alivuna kahawa ya mwingine. Mwaka 1932 wakulima waliasi, na jeshi likaua maelfu kwa maelfu katika muda wa wiki chache. Miaka ya 1970 uchaguzi uliibwa, ule wa 1972 na ule wa 1977. Tarehe 24 Machi 1980 Askofu Mkuu Óscar Romero alipigwa risasi akiwa altareni anasoma misa. Kuanzia Oktoba ya mwaka huo vikundi vitano vya wapiganaji viliungana, vikajiita FMLN. Marekani ililisaidia jeshi la serikali kwa fedha, silaha na mafunzo. Kuba na Nikaragua zilikuwa upande wa pili. Vita viliendelea mpaka mkataba wa amani uliotiwa sahihi huko Mexico tarehe 16 Januari 1992. Watu wapatao 75,000 walikufa, wengi wao raia wasio na bunduki. Nani alikuwa na haki kiasi gani, hilo mtabishana baadaye kivulini.

Mtu aliyejiunga na wapiganaji aliacha jina lake nyumbani na kupewa jingine. Kanuni ilikuwa hiyo: usimwulize mwenzako anaitwaje kwao, usiulize kijiji chake, usiulize mama yake ni nani. Sababu yake inaeleweka. Mtu akikamatwa na kuteswa, hawezi kutoa asichokijua. Kanuni hiyo iliokoa watu wengi, nyumba nzima nzima ziliokoka kwa sababu mtu mmoja hakujua jina la mwenye nyumba.

Lakini vita viliposimama, kanuni ile ile ikawa mwiba. Wapiganaji waliweka silaha chini kwa mafungu mwaka 1992, mbele ya wajumbe wa Umoja wa Mataifa, fungu la mwisho mwezi wa Desemba. Ndipo familia zikaanza kuuliza. Mama anatafuta kijana aitwaye kwa jina la ubatizo. Wenzake waliolala naye handaki moja miaka minne wanamjua kwa jina la vita tu. Wanaweza kueleza alivyocheka, alivyopenda tortila iliyoungua kidogo, na mti aliozikwa chini yake. Jina la kwao hawana. Na mama hana jina la vita. Wanatafuta mtu mmoja, wanapishana.

Nataka nikae kidogo juu ya jambo moja ambalo wenyewe wanaliita guinda. Maana yake ni kukimbia, lakini kukimbia kwa namna ambayo wengi hapa mnaijua. Jeshi linaingia kusafisha eneo. Kijiji kizima kinaondoka usiku, wazee, wajawazito, watoto, na wapiganaji wachache wanatangulia na wengine wanafunga nyuma. Mchana wanalala vichakani bila moshi, bila sauti. Usiku wanatembea. Ile kubwa ya Chalatenango ilikuwa mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni 1982. Na kabla ya hiyo, tarehe 14 Mei 1980, watu walikimbilia mto Sumpul, ambao ni mpaka na Honduras. Nyuma yao kulikuwa na askari wa nchi yao, na ng'ambo askari wa Honduras wakawazuia wasivuke. Walikufa si chini ya 300 pale mtoni. Waliovuka Ruzizi au ziwa usiku hawahitaji nieleze zaidi.

Katika shuhuda za guinda mna jambo ambalo wapiganaji walichelewa sana kulisema. Mtoto mchanga akilia, watu mia mbili wanaweza kufa. Mama aliambiwa amnyamazishe. Wapo watoto waliokufa wamezibwa mdomo na mama zao wenyewe, kwa kitambaa, kwa titi, kwa kiganja. Wapiganaji waliosimulia mara ya kwanza walisimulia njia waliyopita na adui waliyemkwepa. Mambo ya watoto yalitoka baadaye, na mara nyingi yalitoka kwa akina mama, siyo kwa makamanda. Nawaambia vijana wenye madaftari: mkisikiliza mara moja tu, mtapata ramani ya vita. Rudini mara ya pili na ya tatu.

Niseme pia yanayosimuliwa kwa kicheko, maana wapiganaji hawakulia tu. Walikuwa na redio yao, Radio Venceremos, yaani Tutashinda, iliyoanza kutangaza kutoka milima ya Morazán tarehe 10 Januari 1981. Redio hii waliibeba mgongoni, na jenereta pamoja nayo. Jeshi lilikuwa na vyombo vya kutafuta mawimbi yanatokea wapi, kwa hiyo wapiganaji wakabuni kupitisha sauti kwenye waya wa miiba wa maboma ya ng'ombe, studio ikae huku na mtambo ukae kule. Askari walipita wakiruka waya ule ule uliokuwa unabeba matangazo. Hiyo wanaipenda kuisimulia.

Wanaipenda zaidi habari ya Kanali Domingo Monterrosa. Huyu alikuwa kamanda aliyeisaka redio hiyo kwa miaka. Oktoba 1984 askari wake waliteka mtambo wa redio, naye akaupakia kwenye helikopta kwenda kuuonyesha. Helikopta ililipukia angani tarehe 23. Wapiganaji wanaeleza kwamba mtambo ule waliuacha makusudi, umetegwa bomu ndani. Nimesoma jinsi wanavyoisimulia, wanakatizana maneno kwa furaha. Nami ninajua ni kwa nini, na nitaeleza sasa hivi Monterrosa alikuwa nani. Hata hivyo, watu wote waliokuwa ndani ya ndege ile walikufa, na si wote waliokuwa wapiganaji. Msimuliaji anapocheka, mwandishi aandike kicheko, halafu aulize ni nani wengine waliokuwemo.

Monterrosa ndiye aliyeongoza kikosi kilichoitwa Atlacatl, kilichofundishwa na Wamarekani. Mwezi wa Desemba 1981 kikosi hicho kiliingia kijiji cha El Mozote, Morazán. Wapiganaji walikuwa wameondoka eneo lile. Wanakijiji walibaki, wakiamini kwamba asiye na upande hana la kuogopa. Askari walitenga wanaume, wanawake na watoto. Waliua karibu watu 1,000 katika kijiji hicho na vitongoji vya jirani. Mama mmoja, Rufina Amaya, aliponyoka kwenye mstari wa wanawake, akajificha kichakani, na kutoka pale alisikia sauti za watoto wake. Alipoteza mume na watoto wanne.

Waliomrekodi mwanzoni ni watu wa ile redio ya wapiganaji. Januari 1982 waandishi wawili wa magazeti makubwa ya Marekani walifika wakamsikiliza na kuandika. Serikali ya Marekani na ya El Salvador zikasema hakuna ushahidi wa mauaji ya namna hiyo. Kwamba ni propaganda ya waasi. Mwanamke huyu alikaa miaka 11 akiitwa mwongo. Mwaka 1992 wataalamu kutoka Argentina walifukua nyumba ndogo iliyokuwa kando ya kanisa. Walikuta mabaki ya watu 143, na 131 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka 12.

Na katika miaka hiyo 11 Rufina alikuwa wapi? Sehemu kubwa alikuwa mkimbizi kambini. Alikuwa Colomoncagua, kambi ya Wasalvador upande wa Honduras. Hapo ndipo habari yenyewe inapotugusa sisi. Colomoncagua ilikuwa na watu zaidi ya 8,000, na kambi nyingine, Mesa Grande, ilikuwa na wengi zaidi. Walifika hawajui kusoma, wengi wao, wakafundishana kusoma. Walishona nguo na viatu katika karakana zao wenyewe. Na jeshi la Honduras lilisema kambi ni maficho ya waasi, likaizungushia askari. Agosti 1985 askari waliingia Colomoncagua, wakimbizi wakauawa na wengine wakachukuliwa.

Nisieleweke vibaya hapo. Kambi ni mahali pa raia. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 unasema hivyo, sheria za nchi iliyotupokea zinasema hivyo, na sisi tunaokula mgao hapa tunajua kwamba siku kambi ikigeuka kambi ya vita, atakayelipa ni mtoto aliye kwenye foleni ya maji. Daftari la kumbukumbu lisiwe daftari la kuandikisha askari. Mzee anayesifia bunduki yake asikilizwe, aandikwe, na kijana anayeandika abaki na kalamu yake.

Wale wa Mesa Grande walianza kurudi kwao Oktoba 1987, vita bado vinaendelea. Wa Colomoncagua walirudi kuanzia Novemba 1989, wakajenga mji wakauita Segundo Montes, jina la padri na mwalimu wa chuo kikuu aliyeuawa na askari mwezi ule ule. Rufina alikaa huko, akasimulia kwa kila aliyekuja kuuliza, mpaka alipofariki Machi 2007. Jina lake alilitoa mwenyewe. Hakuna aliyemwandika bila yeye kutaka, na bila jina lile wale waliokana wangeendelea kukana.

Akina mama wapiganaji wana malalamiko yao, na naomba nisiyaruke kama ilivyo desturi yetu. Karibu theluthi moja ya waliosalimisha silaha upande wa FMLN walikuwa wanawake. Wapo waliokuwa makamanda, kama Nidia Díaz, aliyekamatwa akiwa amejeruhiwa mwaka 1985, akabadilishwa na binti wa Rais aliyekuwa ametekwa, na baadaye akawa miongoni mwa waliotia sahihi mkataba wa amani. Lakini wengi walikuwa wapishi, wauguzi, watu wa redio za mawasiliano, wabebaji wa ujumbe. Amani ilipokuja, mpango wa kugawa ardhi uliwekewa kikomo cha watu 47,500, pande zote mbili pamoja na wakulima waliokuwa wanakalia ardhi. Huko ilibidi uwe kwenye orodha. Hapa sote tunajua orodha ni kitu gani. Mwanamke aliyepika miaka minane chini ya ndege za vita aliulizwa kama alikuwa mpiganaji, na mwingine akajibu mwenyewe kwamba hapana, alikuwa anapika tu.

Mwaka 1996 wanawake wa shirika liitwalo Las Dignas walitoa kitabu cha shuhuda hizo, na humo wapiganaji wanaeleza waliacha watoto kwa bibi zao, na walivyorudi mtoto alimwita bibi mama, na wao aliwaita kwa jina. Wengine wanaeleza mambo waliyofanyiwa na wanaume wa upande wao wenyewe. Vijana wetu wanaoandika wote ni wavulana. Mama atawaambia nini? Naomba Kamati ilitazame hilo kabla ya mwezi huu kwisha.

Sasa narudi kwenye jina, na hapa ndipo nilipohama upande.

Vitani watoto wengi walipotea. Wengine walichukuliwa na askari na kupelekwa vituo vya yatima au nchi za nje. Lakini wengine walipotea kwa njia ya upande wa pili: wapiganaji waliwaweka watoto wao katika nyumba za siri mjini, kwa majina ya kubuni, na wazazi wa kubuni. Nyumba ikivamiwa, mzazi wa kubuni anauawa, mtoto anabaki na jina ambalo si lake, na aliyejua jina lake hayupo. Mwaka 1994 padri Jon Cortina na wazazi wa Chalatenango walianzisha chama cha kutafuta watoto hao, Pro-Búsqueda. Wengi wa wazazi wale walikuwa wamerudi kutoka Mesa Grande. Hawakuwa na nyaraka, walikuwa na kumbukumbu. Mpiganaji wa zamani anakumbuka nyumba yenye mlango wa kijani karibu na soko; mwingine anakumbuka jina la vita la aliyekuwa analipa kodi; wa tatu anakumbuka kwamba mtoto alikuwa na kovu. Vipande hivyo vinaunganishwa, mwishoni damu inapimwa. Wamepokea kesi zaidi ya 900 na kupata majibu ya zaidi ya 400. Wengine walikutwa wamekwisha kufa. Wengine walikutwa Ulaya na Marekani, watu wazima, hawajui hata neno la Kihispania.

Niliposoma hayo nilimfikiria yule mama wa kwetu. Ukurasa ninaotaka uchanwe ndio huenda ukamtafuta mtoto wa mtu.

Na jambo la pili. Kuficha jina hakumlindi mnyonge peke yake. Mwaka 1975 kikundi kimoja cha wapiganaji kilimwua mwenzao, mshairi Roque Dalton, kwa tuhuma za uongo. Mwili wake haukupatikana hadi leo, na waliojua walikaa kimya wakapanda vyeo. Kati ya mwaka 1985 na 1988 wapiganaji waliua mameya wa vijiji. Tume ya Ukweli ilipopokea malalamiko zaidi ya 22,000, kama asilimia 85 yalihusu jeshi la serikali na washirika wake, na kama asilimia 5 yalihusu FMLN. Tano ni ndogo kuliko themanini na tano, na mpiganaji ana haki ya kuitaja tofauti hiyo. Aliyezikiwa mume ndani ya ile tano hahesabu kwa asilimia.

Tume hiyo, ambayo ilikuwa ya wageni watatu, ilifanya hivi: katika ripoti ya Machi 1993 ilitaja hadharani majina ya wakubwa waliohusika, wa pande zote mbili, na ikaficha majina ya mashahidi walioomba kufichwa. Siku tano baada ya ripoti kutoka, Bunge likapitisha sheria ya msamaha kwa wote. Sheria hiyo ilifutwa na majaji mwaka 2016, miaka 23 baadaye. Mashahidi wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo mzee wetu hakosei kuogopa, wala sitaki mtu amcheke. Mwaka 2013 watu wenye silaha waliingia ofisi ya Pro-Búsqueda alfajiri wakachoma mafaili moto. Mwaka huo huo ofisi ya haki za binadamu ya Askofu Mkuu, yenye nyaraka za vita tangu mwanzo, ilifungwa ghafla. Januari 2023 walikamatwa viongozi watano wa jumuiya ya Santa Marta, kijiji cha watu waliorudi kutoka Mesa Grande, kwa mauaji yanayodaiwa kufanyika mwaka 1989 walipokuwa wapiganaji. Watu wengi walisema kosa lao halisi ni kupinga machimbo ya dhahabu. Oktoba 2024 mahakama iliwaachia, halafu ikaamriwa kesi isikilizwe upya. Miaka zaidi ya 30 imepita, na neno la zamani bado linaweza kumtoa mtu kitandani.

Basi napendekeza hivi kwa Kamati, na wale tuliobishana nao siku ile wanisikilize mpaka mwisho.

Madaftari yawe mawili. La kwanza liwe la habari, lenye namba badala ya jina la msimuliaji. La pili liwe la majina na namba, nalo lisilale nyumba moja na la kwanza, na ikiwezekana nakala yake isilale kambini kabisa. Msimuliaji achague mwenyewe kama jina lake litoke au lisitoke, na akibadili nia kesho aruhusiwe, hata kama wino umekauka.

Majina ya waliokufa na watoto waliopotea yaandikwe yote: la ubatizo, la nyumbani, la vita, jina la baba, la mama, kijiji, na alama ya mwilini kama ipo. Hayo yasifichwe. Majina ya wanaotuhumiwa ni jambo jingine. Sisi si tume, hatuna ulinzi wala uwezo wa kupima neno la mtu dhidi ya neno la mtu. Yaandikwe katika daftari la pili tu, na yasisomwe mkutanoni.

Ndugu zetu wa mashirika, kwenu nina maneno mawili. Msichukue daftari kwenda nalo ofisini bila Kamati kujua, hata kwa nia njema. Na msaidie kuwaeleza watu kwamba daftari hili halimpeleki mtu Kanada wala Marekani, na halisomwi kwenye mahojiano yoyote. Mtu akidhani litampeleka, ataongeza chumvi. Akidhani litamfungia njia, atanyamaza. Nimeona yote mawili, na siwalaumu.

Mzee wetu nimekaa naye juzi jioni. Amekubali kuendelea Jumatano. Jina lake halitaandikwa. Lakini ametaja watu sita aliotembea nao na kuwazika njiani, na kwa wanne anayo majina ya vita tu. Nitayasoma mwishoni mwa mkutano huu, kwa ruhusa yake, pamoja na mahali walipozikwa. Aliye na ndugu aliyepotea upande ule asikilize vizuri, halafu aje aniambie jina la nyumbani.